Tepu Nyekundu Kwenye Gari la Zahanati

Wateja walimwita Fyuzi, na si kwa sababu ya kazi yake ya umeme wa magari peke yake. Mama huyu haungui polepole. Ukimwambia waya unaweza kupita popote mradi taa iwake, anawaka yeye kwanza, anakutolea uvivu mbele za watu, kisha anaupitisha waya panapostahili huku akinung'unika mpaka saa ya kufunga kazi. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na hasira hizo alikuwa nazo tangu akiwa na kumi.

Gereji ilikuwa ya kaka yake. Baba yao aliwafundisha kazi wote wawili, lakini alipokuwa anaaga dunia aliacha neno kwamba uwanja, mashine ya kuchomea na kibao cha mlangoni ni vya mtoto wa kiume. Binti aliachiwa sanduku la bisibisi. Kaka mwenyewe si mtu mbaya, niseme mapema. Anajua kupokea watu, anajua kupanga kazi, anaweza hata kumchekesha mteja aliyekuja amekunja ngumi. Umeme tu ndio haukumwingia kichwani, na wala hakuwahi kujifanya anaujua. Kwa hiyo kwa miaka kumi na minane walikuwa na utaratibu wao. Dada akiunga waya kwa muda, anafunga tepu nyeusi. Akishamaliza na kupima, anafunga nyekundu. Kaka akifungua boneti akaona nyekundu, gari linatoka. Akiona nyeusi haligusi, hata mteja agaregare chini.

Siku moja asubuhi liliingia gari la zahanati, lile refu la kwenda porini. Kati ya zahanati na barabara ya lami kuna kilomita arobaini za mchanga. Kwenye mchanga dereva lazima apunguze upepo, matairi yalale, la sivyo gari linazama. Akifika lami lazima ayajaze tena, la sivyo yanapasuka. Dereva, mzee mmoja mpole wa kupitiliza, alikuwa anajaza kwa pampu ya mguu. Safari ya mwezi uliopita alikanyaga pampu karibu saa nzima, na mama mjamzito aliyekuwa nyuma akajifungulia pembeni ya barabara. Mtoto alitoka kimya, akalia baadaye sana. Dereva alipokuwa anasimulia hayo hakumtazama mtu usoni. Sasa zahanati ilikuwa imenunua kompresa ya kufungwa ndani ya gari, ya kujaza upepo kwa kubonyeza swichi.

Fyuzi aliichangamkia kazi hiyo. Mchoro wa ndani ya boksi ulitaka kompresa ikae upande wa ekzosi, naye akautupa, akasema aliyeuchora hajawahi kuungua mkono. Akakata braketi ya chuma, akaifunga kompresa upande wa pili, juu, mbali na joto na matope. Kwa kuhamisha hivyo, waya uliokuja nayo ukawa mfupi. Ili apime swichi tu, akaunga kipande cha waya mwembamba wa taa. Akapapasa mfukoni, tepu nyeusi imekwisha. Akafunga nyekundu, akijiambia ni kwa dakika kumi. Kompresa ikavuma vizuri, na yeye akatoka mbio kwenda duka la vipuri kutafuta waya mnene na fyuzi kubwa.

Kompresa kuvuma dakika moja si kitu. Kujaza matairi manne makubwa ni dakika ishirini za kunyonya umeme mfululizo, na waya wa taa ungeanza kuyeyuka kabla ya tairi la pili, hapo chini ya boneti, jirani na mpira wa mafuta.

Dukani alicheleweshwa. Muuzaji alimletea waya mwembamba akasema huu unatosha. Alipoukataa, akamshauri ampigie simu fundi wake ili aelezwe vizuri. Fyuzi alimweleza yeye, kwa sauti ambayo duka la pili waliisikia. Alirudi gerejini na waya wake mnene begani, damu bado inamchemka, akakuta mahali pa gari patupu.

Kaka alimwambia kwa utulivu kwamba zahanati ilipiga simu, kuna mama ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake, na dereva ameondoka nusu saa sasa. Yeye alifungua boneti, akaangalia, akabonyeza swichi, ikavuma.

"Ikavuma," Fyuzi alisema. "Kwani redio hiyo?"

"Sikiliza dada, mimi niliona tepu—"

"Usiniambie habari ya tepu. Huko linakwenda kumpakia mtu. Gari litawaka naye ndani."

Hapo angeweza kuishia. Alikuwepo mchomeaji, walikuwepo wateja wawili kwenye benchi wanasubiri magari yao, na wote walikuwa wanasikiliza. Lakini moto ulikuwa umeshamfika kooni, akamvua nguo kaka yake palepale.

"Baba alikuachia gereji kwa sababu una ndevu. Kazi aliniachia mimi. Miaka yote hii unakula jina langu na bado hujui waya wa moto na wa baridi."

Kaka aliingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za pikipiki yake, akampa.

Simu ya dereva ilikuwa haipatikani, mchangani hakuna mtandao. Fyuzi akaendesha, waya begani na sanduku la bisibisi nyuma, mpaka lami inapoishia, na pikipiki haikuweza kwenda mbele zaidi. Alama za matairi zilionyesha gari limeshaingia. Hakuwa na la kufanya isipokuwa kusubiri litakaporudi, kwa sababu hapo ndipo dereva angesimama kujaza upepo. Alisubiri saa mbili na nusu kwenye jua. Muda wote huo alikuwa anamtukana kaka yake kwa sauti, akiyapanga maneno upya na kuyanoa, akiongeza ya utotoni na ya msibani. Kila alipofikiria mama aliye nyuma ya gari, aliongeza lingine.

Gari lilitokea likiyumba, matairi yamelala. Dereva aliposimama, mkono wake ulikuwa tayari kwenye swichi. Fyuzi alikimbia akipunga mikono yote miwili, akamwambia asiguse kitu, afungue boneti. Nyuma, muuguzi alikuwa amemshika mgonjwa mabega, na mgonjwa alikuwa analia kwa sauti ya chini, mfululizo.

Boneti ilifunguka. Kwenye kiungo, imezungushwa mara tatu na kukatwa kwa jino kama anavyokata yeye siku zote, palikuwa na tepu nyekundu.

Alisimama akaitazama. Aliyeliachia gari litoke ni yeye mwenyewe. Kaka alifanya kile hasa walichokubaliana afanye, na alipotaka kusema, yeye ndiye aliyemkata kauli. Hasira aliyokuja nayo ilimgeukia mwenyewe, akatamani kujizaba kibao, ila mikono ilikuwa na kazi. Akaing'oa tepu, akaitia mfukoni. Akapitisha waya mnene kutoka betri, akafunga fyuzi karibu kabisa na betri, akakaza nati. Hakufikisha dakika nane. Dereva akabonyeza, wakajaza tairi la kwanza, la pili, la tatu, la nne, Fyuzi ameshika waya kwa kiganja muda wote. Ulikuwa na uvuguvugu tu.

"Mungu akupe maisha marefu," dereva alimwambia akipanda. "Fundi gani mwingine angetufuata mpaka huku?"

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi. Gari likaondoka kwa kasi kwenye lami, na jioni muuguzi alituma ujumbe kwamba wamefika hospitali salama.

Njia nzima ya kurudi alijua kwamba tepu iko mfukoni mwake na hakuna mwingine atakayejua. Angeweza kunyamaza. Lakini alipofika alikwenda moja kwa moja kwenye benchi, ambako mchomeaji na mmoja wa wale wateja bado walikuwepo, akamwita kaka yake, akaitoa tepu mbele yao wote. Akasema nyeusi ilikwisha, akafunga nyekundu, akasahau. Akasema kosa ni lake tangu mwanzo mpaka mwisho. Alisema kwa ukali, kwa sababu hakuwa na sauti nyingine.

Kaka aliipokea tepu, akaigeuzageuza.

"Mimi sijui umeme," alisema. "Nikiona nyekundu yako sina haja ya kuangalia zaidi. Haya ya tepu yamekwisha, mdogo wangu. Wote tunakosea."

Fyuzi akashusha pumzi.

"Na yale ya baba?" kaka akauliza.

Mchomeaji aliinuka akaenda kutafuta kazi ya kufanya. Fyuzi alitafuta la kusema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakulipata, kwa sababu tepu aliifunga kwa makosa, lakini yale ya baba aliyasema akiyamaanisha.