Frolic kwenye report form

Leo nimemnyima mtoto kucheza kwa sababu ya neno moja la Kizungu ambalo hata sikujua maana yake.

Report form ya Shiro wangu, wa Grade 4, imeandikwa: "Bright girl. Loves to frolic."

Frolic?

Nikaficha bladda yake, ile raba ya kuruka, juu ya kabati. Halafu nikaanza kuuliza majirani. Hapa Gitothua sijapata mtu anajua frolic ni nini, lakini wote walisema aache.

Nikampigia ticha. "Pole sana, ticha. Nitaongea na yeye."

"Pole ya nini, Mama Shiro? Ni kucheza na kurukaruka kwa furaha, vile watoto wa mbuzi hufanya wakifunguliwa asubuhi. Nilikuwa namsifu!" Akacheka. "Na wewe ni mzazi wa tano kuniomba msamaha leo."

Woi.

Nikashusha bladda. Shiro akaniangalia. "Mum, na wewe report yako walikuwa wanaandika nini?"

Zenu ziliandikwa aje, watu wangu? Yangu ilisema: "Too playful. Must change."

Na kweli nilichange.