Violoni Chini ya Kidevu

Riwaya tulizopitishiana chini ya madawati kwenye shule ya masista zote zilikuwa na mwanamke yule yule. Anapiga violoni kuwashinda wote, kisha mwanaume anamwambia aiweke chini, naye anaiweka, analia, anaolewa. Wenzangu walilia pamoja naye. Mimi nilikasirika.

Uhuru ulikuwa umeshapatikana. Waasi walipokaribia Uvira, sista aliyenifundisha muziki alikimbilia Burundi, akaniachia violoni yake. Nilifanya mazoezi uani kwetu Rugenge, mchana kweupe, kila mtu asikie. Siku moja, waasi wakiwa wameshauteka mji, mpiganaji wao mmoja akaingia na mkuki, akisema chombo cha wazungu lazima kichomwe.

Sharti la dawa yao tulilijua sote: aliyenyunyiziwa maji ya mganga wao risasi hazimpati, mradi tu asiguswe na mwanamke. Akanyoosha mkono, akaurudisha.

“Weye dada, weka ile kitu chini.”

“Siweke. Kama unaitaka, kuja uikamate mu mikono yangu.”

Mama alikuwa mlangoni, ananisihi nitii. Nikasogea hatua moja. Yule mwanaume na mkuki wake akarudi nyuma mbili. Nikaweka upinde kwenye nyuzi, nikapiga huku nikimfuata, hadi akatoka nje ya ua wetu.

Niliolewa, ndiyo, na nikazaa. Mume wangu aliikuta violoni chini ya kidevu changu, na watakaokuja kunizika wataikuta hapo hapo.