Nilivyoipogoa mipilipili ya Bi Rukia wiki tano kabla ya Ramadhan

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Hii ni yangu mwenyewe na sijaitia chumvi. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu ya mtu mwenye akili.

Mimi ni mwalimu wa kilimo. Ndiyo, kilimo. Cheti ninacho, kiko kwenye fremu. Ni mtu wa Murang'a, nimelelewa kwenye kahawa, kazi ikanileta Lamu kufundisha sekondari. Nikapanga chumba hapa Amu, ndivyo wenyewe wanavyouita mji wa Lamu, kwa Bi Rukia, mama mjane wa miaka sitini na kitu. Yeye anakaa chini, mimi juu.

Darini, yaani rooftop, Bi Rukia alikuwa na mipilipili mbuzi sita. Imepandwa kwenye mikebe ya rangi na madumu yaliyokatwa vichwa. Mji huu hauna nafasi ya shamba wakuu, punda wawili wakikutana kichochoroni mmoja lazima arudi alikotoka.

Sasa elewa hii. Bi Rukia hana uwezo mkubwa. Lakini kila Ramadhan anasaga pilipili yake na ukwaju na ndimu, anaipeleka kwa majirani wa nyumba tano. Wao wanamletea sahani za futari: sambusa, maharagwe ya nazi, mkate wa sinia. Na kwa watu wa hapa sahani ya jirani hairudi tupu. Hiyo pilipili ndiyo inayomfanya apokee chakula cha watu bila kuinamisha kichwa.

Wiki tano kabla ya mfungo akaenda Mombasa kutolewa mtoto wa jicho. Akaniita.

"Mwalimu, hii mipilipili ni amana. Mai tu, asubuhi na jioni. Basi."

Mai ni maji kwa Kiamu. Agizo jepesi, hata mtoto wa nursery angelifuata. Lakini mtoto wa nursery hana cheti.

Nikaikagua. Mirefu, myembamba, imejaa maua na vipilipili vichanga. Nikasikitika kitaalamu. Nikasema masikini huyu mama, miaka yote anahangaika na mimea legelege na hajui mtaalamu analala juu ya kichwa chake.

Nikafungua video moja mtandaoni. Jamaa anafinya ncha ya mche mdogo kwa kucha, anasema ukifanya topping matawi yanakuwa mengi, mti unakuwa bushy, unazaa zaidi.

Sikuimaliza. Bundles ziliisha, na isitoshe nilikuwa nishajua. Huyo jamaa alikuwa anakata kama mtu anayeomba ruhusa. Kwetu kahawa ikichoka tunaikata mpaka kisiki, na inachipuka.

Basi saa saba mchana, jua la kaskazi linapasua kichwa, nikapanda juu na mkasi. Nikaikata yote sita. Nikaacha visiki vya shubiri moja moja. Maua chini, vipilipili chini. Nikafagia vizuri, nikapiga picha, nikaweka status: Before and After. Nikapata likes nyingi kutoka kwa watu ambao hawajawahi kupanda hata sukuma wiki.

Siku ya tatu visiki viwili vilikuwa vimekauka kabisa. Vinne vilivyobaki vilikuwa havijaamua.

Baada ya wiki mbili Bi Rukia akarudi. Kabla ya safari alikuwa haoni vizuri hata ngazi za nyumba yake, na mimi matumaini yangu yote nilikuwa nimeyaweka hapo. Kwa bahati mbaya daktari alikuwa mzuri.

Akapanda darini. Akagusa kisiki kimoja kimoja, vyote sita.

"Umeitinda, mwalimu?"

Kutinda kwao ni kuchinja.

Nikamweleza. Hii inaitwa pruning, Bi Rukia, mti unafunga matawi, unazaa zaidi. Nilieleza kwa ufasaha, hata nikatumia mikono.

"Utazaa lini?"

Wakuu, nimeulizwa maswali mengi darasani lakini hilo lilinitoa jasho. Nikapiga hesabu kichwani. Ramadhan wiki tatu. Pilipili, kama Mungu akipenda, zaidi ya miezi miwili.

"Baada ya Idd," nikasema.

"Haya. Alhamdulillahi."

Akashuka ngazi polepole. Afadhali angenitukana.

Mfungo ukaingia na sahani zikaanza kuja. Mimi nikakimbia sokoni, nikarudi na mfuko mzima wa pilipili, nikauweka mbele yake kama mkombozi. Hakuugusa.

"Ya sokoni kila mtu anayo," akaniambia. "Hawa wanangojea yangu."

Sahani tupu hakutaka kurudisha, na ya kununua hakutaka kutia. Basi akawa anaziosha na kuzipanga jikoni. Siku ya kumi zilikuwa zimejaa rafu. Siku ya ishirini jiko lilikuwa duka la vyombo. Na majirani waliendelea kuleta tu, jioni baada ya jioni, na yeye kila sahani aliipokea kwa mikono miwili na macho chini.

Jirani akiuliza pilipili, nilimsikia akijibu mlangoni: "Mwaka huu mipilipili imepumzika."

Jina langu hakulitaja hata mara moja. Na mimi, shujaa, nilikuwa nimejibanza kwenye ngazi nashukuru Mungu kwamba siri imekaa.

Kisha ananipakulia na mimi, nisiyefunga. Sambusa niliila kwa aibu. Ila niliimaliza, nisiwadanganye.

Idd ikaja ikapita. Wiki tatu baadaye ile minne iliyopona ikazaa. Wakuu, ilikuwa imefunga matawi mpaka udongo hauonekani, pilipili zimening'inia nyekundu na manjano. Pruning inafanya kazi. Hongera kwangu.

Bi Rukia akasaga, akajaza vibakuli. Nikamwambia nitavipeleka mimi pamoja na sahani za watu, na nitasema ukweli. Hakubisha.

Nikaanza kwa Bwana Athman, fundi wa injini za boti, nyumba ya ukuta mmoja na yetu. Nikasimama mlangoni na rundo la sahani limenifika kidevuni, kibakuli juu yake. Nikakiri yote. Mipilipili haikupumzika, niliikata mimi, nilikuwa nimeambiwa mai tu.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, siku ile nilikuwa darini kwangu naanika nguo. Nimekuona toka wa kwanza mpaka wa sita. Hata ulipopiga picha."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mwenyewe hakusema. Mimi ni nani niseme?"

"Na sahani? Mliendelea kuleta mkiona hazirudi."

"Si hizi zimerudi?" Akazipokea. "Wiki ya mwisho mke wangu alinipakulia kwenye kifuniko cha sufuria. Hatukufa."

Nyumba nne zilizobaki, hadithi ni hiyo hiyo. Dari za hapa zinaonana, mtaa mzima ulijua tangu siku ya mkasi. Mwezi mzima waliuliza pilipili mlangoni kama wasiojua, ili yule mama asijue kwamba wanajua, asilazimike kunitaja. Na yeye alibeba aibu ya sahani zile mbele ya watu ili mimi nisiaibike, mpangaji tu, mtu wa kuja. Nilirudi chumbani nikalia. Mwanaume mzima, na cheti ukutani.

Haya, somo, maana kuna watu wamesoma hadi hapa kwa ajili ya pilipili. Finya ncha mche ukiwa mdogo, majani sita hadi nane, kabla haujatoa maua. Kata juu kidogo ya kifundo cha jani. Jioni, si saa saba. Usitoe zaidi ya theluthi moja ya mti. Mpilipili si kahawa.

Na kama umeachiwa wa mtu, mwagilia unyamaze.

Uwanja ni wenu. Aliyewahi kuharibu amana ya mtu akasitiriwa, aseme hapa nisijione niko peke yangu. Wanaokuja kuniambia ni mbolea gani ningetumia, nyinyi nawajua, mlipata D kwangu.