Shughuli ya Ofisini

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la neno moja tu: shughuli. Nilimwambia mama, "Mama, Jumamosi na Jumapili nina shughuli ofisini. Watu ishirini na wawili. Nataka unisaidie kupika." Kisha nikachukua mkoba wangu nikatoka mbio, maana mimi nikiwa na jambo kichwani huwa sisimami kueleza. Ningesimama dakika mbili nisingeaibika vile. Lakini na raha yote ile ningeikosa, kwa hiyo sijuti.

Wakati huo nilikuwa mkuu wa ofisi ndogo ya kampuni ya programu za kompyuta, ghorofani, Chake Chake, juu ya duka la misumari na rangi. Tulikuwa watu tisa. Makao makuu yalikuwa Unguja, na mkurugenzi wetu, mtu mpole wa maneno machache, alikuwa amenipigia simu kuniambia anafikiria kuifunga ofisi ya Pemba na kutuhamishia sote kwake. "Nionyeshe kitu kimoja," alisema, "kinachofanyika huko na hapa hakifanyiki." Nilikata simu nikaenda chooni kulia. Mama alikuwa hana mtu ila mimi, magoti yamemshika, na kuhamia Unguja hataki hata kukusikia. Nikihama namwacha peke yake, nisipohama sina kazi.

Ndipo nikaja na hakathoni. Watengenezaji programu wote wa kampuni, wa huku na wa Unguja, wakae pamoja siku mbili, wagawane vikundi, kila kikundi kibuni kitu kipya mpaka kifanye kazi, na Jumapili alasiri mkurugenzi aje aone. Nilichapa ratiba. Ratiba gani! Mpaka dakika za kwenda msalani nilizipangia. Nikaibandika ukutani, nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama, nikajipenda.

Sasa mama. Miaka yote alikuwa hajui nafanya kazi gani. Niliwahi kumwambia naandika kodi za kompyuta, naye akawaambia majirani mimi ni mtu wa kodi, wenye maduka wakawa wananiamkia kwa hofu. Na kwetu, mwanamke wa miaka thelathini na minne ambaye hajaolewa, akisema ana shughuli na anataka kupikiwa, huulizi shughuli gani. Binti mwenye haya zake hawezi kusema waziwazi kwamba anaolewa, husema hivyo hivyo, na tena akiwa anakimbia. Mama alinielewa vizuri sana. Akawapelekea habari ndugu zake wote, Wete mpaka Micheweni.

Jumamosi saa tatu asubuhi nimesimama mbele ya wenzangu, nimefungua mdomo kuwakaribisha, mara vigelegele ngazini! Wakaingia wanawake kumi na mmoja, kanga sare, masufuria vichwani, mikeka makwapani, na halua ya Wete kwenye vikapu. Wallahi nilitamani sakafu ipasuke nitumbukie kwenye misumari. Watu wa Unguja wakapiga makofi, wakidhani ndiyo makaribisho ya Pemba. Mama peke yake hakupiga kigelegele. Alikuwa anakiweka chake, aliniambia baadaye, mpaka amwone bwana harusi.

Akanivuta kando. "Yupi?"

"Yupi nini, mama?"

"Mume, mwanangu. Yupi katika hawa?"

Wakati huo mama mkubwa, yaani dada yake mama, mkulima wa mwani wa Micheweni, alikwisha kumkamata kijana mmoja mrefu wa Unguja mwenye vidude masikioni. Anamuuliza ni mtoto wa nani, anasali wapi, na kama ana mke mwingine. Kijana, kwa adabu zake, anajibu yote. "Nkwe mzuri huyu," mama mkubwa akawatangazia wenzake, "ila nnene wa masikio." Nikawaka! Nikapayuka kwamba hapa hakuna harusi, hapa ni kazi, haka-tho-ni!

Mama akanitazama, na uso wake ulivyoanguka sitausahau. Nikamwambia polepole, sikioni, "Mama, wasipokipenda tutakachotengeneza, watanihamishia Unguja." Alikaza kanga yake kiunoni, akawageukia wenzake. "Jamani, shughuli ni ya kazi. Lakini watu hawa wana njaa na nchele tumeshauchagua. Tunapika."

Wakateremka uani kuwasha moto, nami nikarudi kwenye ratiba yangu. Haikwenda. Wa Unguja walikaa upande wao na wa Pemba upande wao, wanatupiana utani wa matamshi ya "nkono" na "nguu" bila kazi kusogea. Adhuhuri mama akapanda na masinia ya pilau na amri zake: watu wanne kila sinia, na hakuna kukaa na uliyekuja naye. Akawapanga kama anapanga watoto wa chuo cha Kurani. Mtu uliyeshindana naye nyama kwenye sinia moja huwezi tena kumnunia, na walipomaliza kula hawakuinuka. Walivuta laptopu palepale kwenye mikeka, vidole vinanuka bizari, na vikundi vyangu vya kwenye ratiba vikafa vyote. Nilipokwenda kuitazama ratiba yenyewe sikuiona. Nilichungulia dirishani, nikamwona mama mkubwa anapepea nayo mkaa.

Nilishuka kugomba. Nikamkuta yule kijana mrefu, nkwe asiye na harusi, amechuchumaa mbele yake anamwonyesha simu. Sinia lao lilikuwa linatengeneza programu ya kuwaambia wakulima wa mwani maji ya bahari yatatoka lini.

"Haya, leo yanatoka saa ngapi?" mama mkubwa akauliza.

Kijana akamwonyesha: 10:20.

"Saa kumi na dakika ishirini? Saa kumi ni alasiri, baba, maji yashajaa! Nkikufuata weye n'takufa maji. Kwani leo mwezi ngapi?"

"Wa nane," kijana akajibu, maana ulikuwa Agosti.

Loo! Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye majivu. Mwezi nane, kwa anayeingia baharini, ni siku ya nane tangu mwezi kuandama, siku ya maji mafu, maji hayaendi mbali na vigingi vya mwani havionekani. "Leo mwezi kumi na sita," mama mkubwa akasema, akijifuta machozi. "Leo bamvua. Leo bahari yote iko kavu, na mwani wangu uko juani, na miye niko hapa harusini pasi na bwana harusi."

Yeye alicheka. Mimi nilishindwa kucheka. Bamvua hazikungoji. Alikuwa ameziacha siku zake bora za kazi aje anichezee ngoma, na asubuhi ile ile mimi nilikuwa nimempayukia. Nilimwomba radhi palepale, akanipiga begani kwa kipepeo chake cha mkaa, yaani ratiba yangu. Bamvua iliyofuata tulikwenda sote tisa Micheweni kumfungia mwani, na kwa jinsi tulivyoufunga, nusu ulichukuliwa na maji.

Kuanzia hapo kila sinia liliacha lake, wote wakaingia kwenye programu ya mwani. Waliifuta saa yote kwenye programu. Wakaweka mwezi mtupu, mosi mpaka thelathini, na mama mkubwa akawa anaulizwa na watu ishirini na wawili kama mtihani: mwezi tatu je? Mwezi kumi na mbili? Kisha mmoja akasema wakulima wengine hawasomi, isemwe kwa sauti. Sauti ya nani? Tukamfungia mama mkubwa stoo, akarekodi siku zote thelathini kwa Kipemba chake, na kila mwisho wa siku akaongeza kwa hiari yake, "Na usali kwanza." Tulimwomba asirudie. Alirudia mara thelathini.

Jumapili alasiri mkurugenzi akaingia, suti, mkoba, uso wa hesabu. Akakuta mikeka, sufuria, wanawake na wataalamu wake wamelaliana kwa kicheko. Akanigeukia mimi. "Nimeona. Sasa niambie, kipi hapa kisichoweza kufanyika Unguja?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ikapotea. Mama alikuwa amesimama mlangoni ananitazama.

"Bwana mkubwa," mama mkubwa akasema kutoka mkekani. "Shikamoo haikupasi, mie nkubwa kwako. Nnakuuliza tu. Leo mwezi ngapi?"

"Marahaba... shikamoo, bi mkubwa," akababaika. "Wa nane."

Ofisi nzima ililipuka. Watu wake mwenyewe wa Unguja ndio waliogaragara zaidi, na yule kijana mrefu alikuwa anapiga sakafu kwa kiganja. Mkurugenzi akabaki anageuka huku na huku. Nikabonyeza simu, na ile sauti ikatoka, kavu, ya kuamrisha: "Leo mwezi kumi na saba. Bamvua. Teremkeni mapema. Na usali kwanza."

Alisikiliza mara mbili. Kisha akavua viatu, akakaa mkekani, akaomba asikie siku nyingine, na nyingine, akawa anacheka kama mtoto. Alipofika mwezi thelathini alinitazama. "Haya," alisema. "Hiki kwetu hakifanyiki. Ofisi inabaki."

Sikumbuki nilichomjibu. Nakumbuka mama alikuja kwangu taratibu, na magoti yake yale, akanishika mkono.

"Ndo kusema huhami?"

"Sihami, mama."

Akavuta pumzi, akaweka kiganja mdomoni, na kile kigelegele alichokuja nacho tangu Jumamosi akakipiga pale, chote.