Mrija wa Chifu

Mwaka wangu wa pili wa chuo kikuu nilirudi likizo Rodi Kopany nikiwa na saa ya mkononi na tabia ya kuhoji kila kitu. Nilikuwa nimeshahoji mahari, mahubiri, na sababu ya kuvaa tai kwenye joto. Lilikuwa limebaki tangazo la chifu.

Chifu alikuwa amechoshwa na walevi. Wiki iliyotangulia mmoja alilala katikati ya barabara ya Homa Bay, na lori la pamba likasimama hadi alipomaliza usingizi wake. Dereva alisema alijaribu kumwamsha, akaambiwa afunge mlango. Basi barazani chifu akatangaza kwamba mwisho wa kuuza pombe ni saa tatu usiku.

Nikainua mkono. "Chifu, wateja wakilipa saa kumi na mbili, kisha wanywe mpaka jogoo awike, nani ameuza pombe usiku?"

Watu walicheka hadi benchi moja likapinduka. Chifu alingoja watulie.

"Msomi, asante kwa kunisaidia," akasema. "Basi saa tatu ikipita nikute mtu anakunywa, kibali cha kilabu nitakichana. Nitaanza na kile cha mama yako mdogo."

Kilabu cha mama mdogo ndicho kilichonisomesha. Kutoka barazani alitembea hatua kumi mbele yangu. Tulipofika nyumbani akasema tu, "Uliuliza vizuri sana."

Shida ilikuwa chungu chenyewe. Kwetu wazee hukizunguka chungu kimoja kikubwa cha kong'o, pombe ya nafaka inayonywewa moto, kila mmoja akivuta kwa mrija mrefu aliokuja nao kutoka kwake. Chungu hakina kizibo. Wanaume hukaa hadi kiishe.

Jioni ya kwanza, saa tatu ilipokaribia, nilisimama kilabuni nikaeleza sheria na umuhimu wake kwa taifa changa. Mzee mmoja aliutoa mrija mdomoni kidogo. "Endelea, tunakusikia," akasema, akaurudisha.

Ndipo chifu akaingia. Alisema amekuja kukagua, lakini alibeba mrija wake ndani ya ala ya mwanzi. Akapewa kiti. Alikagua kwa bidii, mashavu yakibonyea.

Saa yangu ikafika saa tatu. Nikamtazama mama mdogo. Kumwacha chifu anywe ni kuvunja sheria yake, na kumzuia ni kumuudhi mwenye kutia sahihi kwenye kibali. Nilikuwa na hoja nzuri kwa kila upande.

Mama mdogo alifuta mikono, akainama, akauchomoa mrija wa chifu chunguni.

"Mama," chifu akasema polepole, "hiyo saa niliiweka mimi."

"Ndiyo maana nimeanza na wewe, baba."

Chifu akainuka na ala yake tupu, akatoka. Wengine wakaanza kumpa mama mdogo mirija yao mmoja mmoja, kama wanafunzi wanaorudisha madaftari. Mzee wangu wa "endelea" alijaribu kuinamia chungu, mvuke ukamchoma pua. Punde tukabaki wawili, tumekumbatia mirija ya kijiji kizima, tukicheka huku tukiutazama mlango.

Asubuhi askari wa chifu akapiga hodi. Mama mdogo alikitungua kibali ukutani kabla hajaulizwa, akamnyooshea.

"Cha nini?" askari akauliza. "Chifu anataka kujua mnafungua saa ngapi. Anasema leo atakuja mapema, na mrija wake asipewe mtu."