Msiba Uliotangazwa kwenye Grupu

Nilikuwa sokoni Lizaboni nachagua maharage, mtoto mgongoni, nikakutana na binti wa mama yangu mkubwa. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Umekuwa bosi siku hizi, dada. Hata kuzika huji."

"Kumzika nani?"

Akamtaja mama mdogo. Muuza maharage akaacha kupima, kopo mkononi. Ndipo nilipojua kwamba mama mdogo, aliyenilea kule Maposeni tangu nilipoachishwa ziwa, alishazikwa wiki iliyopita.

"Si tuliweka kwenye grupu la ukoo, WhatsApp?" akasema. "Kila mtu aliona."

Nikapasuka pale pale. Nilipiga kelele hadi mtoto akaamka, tukawa tunalia wawili, watu wanatukodolea macho. Simu yangu kubwa ilikufa kioo, nikarudi kwenye kitochi, kisimu cha vibonye kisichofungua magrupu. Namba ni ile ile, na wote wanayo. Kunipigia tu kulimshinda nani?

Nina miaka thelathini na tisa, wa mwisho bado ananyonya, na nimechoka. Siyo jembe peke yake. Sisi wa umri huu tumejifunza kila kitu kilipokuja, na tukishakizoea tu kinaletwa kingine. Nilipokuwa mdogo, mtu alikuja na miguu yake kutuambia kuna msiba. Alikaa kwanza, akanywa maji, ndipo akasema. Kisha simu zikaingia. Nikiwa sekondari tulikuwa tunapanda kichuguu nyuma ya nyumba kutafuta mtandao. Mama mdogo nilimfundisha mimi kupokea. Shemeji yake alipompigia mara ya kwanza, alipiga magoti kabisa kumwamkia, simu sikioni, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

"Chekeni," alisema. "Mimi nimesalimia."

Tukajifunza kubipu, kukwangua vocha, kutuma pesa, halafu hayo magrupu. Leo binti yangu mkubwa ananipokonya simu: "Lete mama, unachelewesha." Sawa, achukue. Macho yenyewe yameanza kugoma, nasoma nikiwa nimenyoosha mkono. Ila sikujua kwamba ukitoka kidogo kwenye grupu, umetoka kwenye ukoo.

Jumapili tukakutana Maposeni, kikao cha kumaliza msiba. Mjomba, ambaye ndiye mwenyekiti wa ukoo, akataja waliokosa mazishi na kusema watalipa faini. Akaanza na mimi. Binti wa mama mkubwa akanivuta kanga: "Lipa yaishe, dada." Nikasimama.

"Shikamoo mjomba. Faini silipi. Nina malalamiko rasmi, katibu aandike."

"Marahaba. Sema, lakini usitukane watu."

"Situkani mtu. Katibu, andika hivi. Nawalalamikia viongozi wa ukoo kwa kunizikia mama yangu bila kuniambia. Picha za mishumaa mlizowekeana kwenye grupu siyo taarifa. Kuanzia leo, mtu akifa, kila mwanaukoo apigiwe simu na asikie sauti ya binadamu. Asiyepatikana afuatwe nyumbani. Ruhuwiko ninakokaa siyo ng'ambo, bodaboda zinafika. Na hiyo faini alipe aliyekuwa na namba yangu akaona uvivu kupiga. Umeandika? Haya, nisomee nisikie."