Kidonda Kilichofanywa Ushahidi

Mama aliyekuwa akiuza dagaa wa kisiwa cha Bumbire karibu na ofisi ya kata yetu, Kamachumu, amefariki. Nilikuwa Bukoba mjini nimefuata wino wa printa wakati binti yake aliponipigia simu. Hakulia. Alisema, "Mama ametutoka. Wewe ndiye unayejua kuandika, utatuandikia wasifu." Nikajibu ndiyo haraka, kisha nikaogopa, maana ninyi mnaonisoma kila mara mnajua nilivyo. Kuandika nilijifundisha mwenyewe, kwa kusoma magazeti ya zamani na kuchapa barua za watu, na mpaka leo kila sentensi naiona kama mtihani unaosahihishwa na mtu mkali. Huo wasifu wa ukurasa mmoja niliuandika upya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nilitaka kila neno liwe lake.

Wasifu ulipokuwa tayari, mzee wa ukoo aliusoma taratibu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. "Umeandika vizuri, mwanangu," aliniambia. "Ila hapa pa ng'ombe, toa."

"Kwa nini, baba?"

"Watu watacheka. Msiba si mahali pa kuchekwa."

"Lakini ndicho alichokifanya. Na ndicho kilichomtoa kwenye baraza la kata."

"Alifanya mengi. Andika kwamba alikuwa mjumbe wa baraza, akapumzika kwa sababu za kiafya."

"Hakuwa mgonjwa, baba."

Mzee alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto jambo lililo wazi. "Sasa si amekufa? Basi alikuwa mgonjwa."

Nilitoa. Msiba ulikuwa wao, na mama alikuwa wao. Wasifu ukasomwa bila ng'ombe, mchungaji akaomba, kwaya ikaimba, na bado wanaume wawili nyuma yangu hawakuweza kujizuia. "Na ng'ombe mbona hawajaleta shada?" mmoja alinong'ona. "Wanasubiri nauli," akajibu mwenzake. Kumbe kutoa kwangu hakukumkinga na kicheko hata dakika moja. Basi hapa, kwenye safu yangu, ambapo hakuna mzee wa ukoo, narudisha kilichotolewa.

Kwanza niseme jambo ambalo litawaudhi wanaotaka kumfanya mtakatifu: mama huyu hakupenda wanyama. Mbuzi waliokaribia meza yake aliwafukuza kwa fimbo aliyoiweka kwa kazi hiyo tu. Mbwa aliwaona wezi wenye mkia. Paka wa sokoni, ambaye wauza samaki wengine walimtupia vichwa vya sangara, kwake hakupata hata jicho la dagaa. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba wanaotetea haki za wanyama ni watu wenye mioyo laini, waliokosa watoto wa kubembeleza, mwambieni aje Kamachumu tumwoneshe ile fimbo.

Kesi yenyewe ilianza kama zinavyoanza kesi nyingi kwetu. Ng'ombe mmoja, jike mwekundu, alikata kamba akaingia kwenye kibanja cha jirani, akala migomba michanga na kuvunja mibuni. Msomaji wa mbali aelewe: kwetu kibanja ni shamba la migomba na kahawa lililoizunguka nyumba, mara nyingi limeachwa na babu, na kukikanyaga ni kumkanyaga mwenye nyumba. Jirani alitoka na panga, akamkata ng'ombe paja la nyuma. Mwenye ng'ombe akaenda baraza la kata kudai fidia, na jirani naye akadai ya migomba yake. Hadi hapo hakuna jipya.

Jipya, au labda si jipya ila hatukuwa tumelitazama, ni lililofuata. Mwenye ng'ombe alimleta mnyama wake hadi ofisi ya kata, akamfunga kwenye mkaratusi ulio ubavuni, ili wajumbe wajionee. Siku hiyo jirani hakutokea. Kikao kikaahirishwa. Kilichofuata kikaahirishwa pia, kwa kuwa mwenyekiti alifiwa. Na kila mara ng'ombe aliletwa na kurudishwa, akikokota mguu, kidonda kikiwa wazi, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kukitibu. Jirani alisema akikitibu atakuwa amekiri kosa kabla ya hukumu. Mwenye ng'ombe alisema kikipona atakuwa amepoteza kesi. Bwana mifugo wa kata alikuja na dawa yake, akaambiwa asubiri baraza likae. Akasubiri. Sote tulisubiri. Duka langu la stationari linatazamana na mkaratusi ule, na nilichapa barua za watu huku nikimwona ng'ombe yule akijipiga mkia pasipofikika.

Siku ya soko mama alitoka mezani kwake na ndoo ya maji ya chumvi, yale anayooshea vyombo vya dagaa. Alipita mbele ya duka langu bila kunisalimia. Nilidhani anakwenda kumwaga. Mwenye ng'ombe alikuwa ameketi kivulini akizungumza na wenzake.

"Mpigie picha," mama alimwambia. "Una simu nzuri. Piga hapa, na hapa, halafu nimwoshe."

"Picha hainuki, mama," alisema yule bwana. "Nataka wajumbe wasikie harufu. Wakisikia harufu, watatoa fidia ya maana."

"Mimi ni mjumbe. Nimeisikia tangu nikiwa mezani kwangu. Inatosha."

Akainama, akamwaga maji juu ya kidonda. Ng'ombe alimpiga teke la muundi, mama akakaa chini kwenye matope, na soko zima likacheka, nami nikiwemo. Akainuka akichechemea. "Piga, mjinga wewe," alimwambia ng'ombe. "Nikimaliza nakwenda zangu." Akaendelea kuosha.

"Mama, unaniulia kesi!"

"Kesi yako haina inzi. Huyu anao."

Kisha akamwita bwana mifugo kwa sauti ya kunadi dagaa, na bwana mifugo, nadhani kwa aibu zaidi ya wajibu, akaja na dawa.

Baraza lilipokaa, jambo la kwanza halikuwa migomba wala paja. Lilikuwa yeye. Nilikuwepo, kwa kuwa katibu aliniomba nichape muhtasari. Mwenyekiti alizungumza kwa upole, kwani walisoma pamoja katekisimu utotoni.

"Mjumbe hagusi kielelezo, mama. Wewe unajua."

"Najua."

"Basi tuandikie barua ndogo ya kuomba radhi, tuendelee na kazi."

"Ningefuta dole gumba la mtu kwenye hati, ningeandika barua ndefu. Hiki kielelezo chenu kinapumua, mwenyekiti."

"Ni mali ya mlalamikaji."

"Hapo ndipo tulipokosea. Mnawasikiliza wawili hapa. Aliyekatwa ni wa tatu."

Hakuandika barua. Akavuliwa ujumbe. Na msidhani kulikuwa na wa kumshukuru. Mwenye ng'ombe alipata fidia ndogo kuliko alivyotarajia, akaapa kwamba dagaa wa mama yule hawataingia nyumbani kwake, na hawakuingia mpaka anakufa. Jirani alikuja mezani kumpa mkono, akidhani amempigania. Mama akamwonesha fimbo ya mbuzi. "Wewe ndiye uliyekata," alimwambia. "Usinizoee." Ng'ombe alipona akiwa na kilema, baadaye akauzwa, na sijui aliishia wapi. Ningependa kuwapa mwisho mzuri zaidi. Sina.

Mimi mwenyewe sikukubaliana naye upesi. Nilikuwa nimesoma mambo ya sheria kwenye vitabu vya kuazima, na mtu aliyejisomea mwenyewe hupenda kuonesha alichosoma. Nikamwendea na hoja yangu niliyoinoa usiku kucha: kwamba haki huenda na wajibu, kwamba mnyama hawezi kushtaki wala kushtakiwa, na kwa hiyo sheria inaweza kutukataza ukatili, ndiyo, lakini haiwezi kumpa ng'ombe haki kama mtu. Alinisikiliza huku akipima dagaa wa mteja.

"Chama chetu cha kahawa kinaweza kushtaki?" aliniuliza.

"Kinaweza. Kimesajiliwa."

"Kina mali yake?"

"Kinayo."

"Umewahi kukiona kikilia?"

Mteja alicheka mpaka akamwaga dagaa. Nikajaribu kufafanua tofauti ya chama na mnyama, nikajikwaa, na mama akaniongezea: "Kitu kisicho na hata ngozi ya kuchubuka mmekipa mtu wa kukisemea mahakamani. Mwenye ngozi mnasema haiwezekani. Haiwezekani au hamtaki?" Kisha, akiona nimenywea, akapunguza ukali: "Mimi simpendi ng'ombe, mwanangu. Na jirani yangu simpendi vilevile. Lakini akikatwa panga sitangoja mpaka nimpende ndipo niite polisi."

Nimesoma mengi tangu siku ile na sijapata maelezo mazuri kuliko hayo. Watu hutuambia kwamba haki za wanyama ni mambo ya kuletwa, ya wageni wenye mbwa wanaolala sebuleni. Nawaambia, lile tulilolitazama chini ya mkaratusi halikuletwa na mgeni. Wala hatukuwa watu wakatili. Kwetu ng'ombe ni heshima. Samadi yake ndiyo inayokilisha kibanja, na kibanja ndicho kinachotulisha sisi. Mwenye ng'ombe yule alimpenda mnyama wake, nilimwona akimsugua shingo huku akimnyima dawa. Upendo ulikuwepo. Desturi ilikuwepo. Hata sheria ya kukataza kutesa wanyama ipo katika nchi hii. Kilichokosekana ni nafasi. Katika chumba kile kila mtu alikuwa na mahali pa kusimama, mlalamikaji, mlalamikiwa, shahidi, mjumbe, na mimi mchapaji, isipokuwa yule aliyekuwa akiumwa. Na kwa kuwa hakuwa na nafasi, maumivu yake yakawa mali ya mwingine, ya kutunzwa yasiharibike. Huko ndiko watu wanakotokea wanapoanza kudai haki za wanyama kisheria. Wanaona watu wema, katika ofisi nzuri, wakifuata utaratibu sahihi, na matokeo yake ni funza kwenye nyama ya kiumbe hai.

Baada ya kuvuliwa ujumbe, mama alikwenda kwenye mikutano ya kijiji na ombi moja: iwekwe sheria ndogo kwamba mnyama aliyejeruhiwa atibiwe kwanza, kesi baadaye, na baraza limteue mtu wa kumsemea. Kila alipoinuka alichekwa. Silaha yao ilikuwa senene, wale panzi tunaowala. Mnajua tulivyo msimu ukifika; tunawanyonyoa mbawa na miguu wakiwa hai, tukipiga hadithi, na mama alikuwa mnyonyoaji hodari na mlaji asiyeona haya. "Na senene je, mama? Nao tuwateulie wakili?" Mkutano mzima unaangua kicheko. Nilimwona safari moja akingoja kicheko kiishe. "Senene nitawajibia mimi mwenyewe siku nikiitwa," alisema. "Nyinyi nijibuni kuhusu ng'ombe." Hakuna aliyelipigia kura ombi lake. Hakujifanya hana doa. Alikataa tu doa lake litumike kama kisingizio cha kutofanya chochote, na katika hilo alinizidi ujasiri, mimi ambaye nikiona kasoro moja kwenye hoja huitupa hoja nzima.

Wiki moja baada ya mazishi kulikuwa na mkutano wa kijiji. Nilikwenda nikiwa nimejiandalia maneno, na nilikuwa nimeshaamua kutoyasema, kwa sababu bado sikuwa na jibu la senene, wala la panya, wala la kuku wa Krismasi. Katika ajenda ya mengineyo mwenyekiti wa kijiji akauliza kama kuna hoja. Miguu yangu ilisimama kabla yangu. Nikaomba sheria ile ile. Nikarudia neno moja mara mbili kama redio mbovu.

"Kumbe amemwachia mtoto urithi!" mtu akapaza sauti, na vicheko vikafuata.

Mwenye ng'ombe, yule yule, akainuka upande wa pili. "Mwenyekiti, mimi bado napinga," alisema. "Kidonda kile kilikuwa fedha yangu, yule mama akaimwaga na ndoo. Mtu asiniambie leo kwamba ni haki."

Sikuwa na sentensi nzuri. Nilisema, "Baba, kilikuwa mguu wake." Basi. Ukumbi ukaendelea kucheka. Mikono iliyonyooshwa kuniunga mkono ilikuwa michache, na mmojawapo ulikuwa wa bwana mifugo, aliyeunyoosha akitazama chini. Hoja haikupita.

Nilirudi dukani nikiwa na hasira, na hasira ile haijaniondoka, wala siitaki iondoke. Miaka yote nimekuwa nikingoja hoja yangu ikamilike ndipo nisimame. Nikiwa nangoja, wanyama wamekuwa wakifungwa kwenye miti ya ofisi zetu, wakingoja pamoja nami, ila wao wakiwa na majeraha. Hayo ndiyo niliyojifunza kwa muuza dagaa aliyechukia mbuzi: anayeumwa hawezi kusubiri mpaka sisi tuwe watu wasio na kasoro. Nitasimama tena na hoja yangu yenye matundu, na wanaotaka kucheka wacheke wakiwa wamekaa.